Nani Kagusa Geni?

Katika mji huu taa nyekundu haimtishi mtu. Bodaboda akiiona anakaza mwendo. Pasi ikiwasha yake tunafurahi, maana umeme upo. Kwa hiyo sishangai kwamba kijana wa mitambo wa kwaya yetu, akiona taa nyekundu inawakawaka kwenye miksa, hunigeukia na kuninyooshea dole gumba. Kwake yeye nyekundu ni dalili kwamba waimbaji wamepakwa mafuta.

Mimi ndiye mwenye kadi ya sauti. Cheo hiki sikukiomba. Nilinunua kile kisanduku cha nje kinachochomekwa kwenye laptopu kwa waya wa USB, ili nirekodi gitaa langu chumbani polepole, nikikosea nikosee peke yangu. Lakini hapa Mbagala, ukishaonekana na kitu chenye matundu mawili ya maiki na vitufe vya kuzungusha, mtaa unakusajili kama studio. Alianza mwalimu wa kwaya: "Kaka, ni nyimbo chache tu." Akafuata kijana anayezunguka na baiskeli yenye spika ya pembe akiuza dawa ya panya, mende na kunguni, anataka tangazo jipya. Wote nimewapokea, na habari inayorudi ni ile ile: sauti inakwaruza.

Kukwaruza kwenyewe hakunikeri sana. Kinachonikera ni waganga. Mwambie Mtanzania sauti inakwaruza, atakutajia kitu cha kununua kabla hujafunga mdomo. Mwenyekiti wa kwaya anasema maiki ni feki, tuchange tununue ile aliyoiona kwenye video za Wanigeria. Katibu anasema laptopu imezeeka. Shemeji yangu, ambaye aliwahi kupanga chumba jirani na studio huko Sinza na kwa hiyo ni mtaalamu, anasema programu ya bure haiwezi kutoa sauti ya maana, lazima ilipiwe. Mama mmoja wa alto anasema ni kwa sababu hatukuanza na maombi. Huyu angalau tiba yake haina risiti.

Hakuna anayeuliza inakwaruza vipi. Na kukwaruza kuna makabila yake. Kuna kule kunakotokea waimbaji wanapopandisha tu, wakishusha panatulia. Kuna kutatarika kwa muda wote, wakiimba wasiimbe, tata, tatata, bila mpangilio. Kuna mvumo wa chini kwa chini. Na kuna rekodi isiyo na mkwaruzo hata mmoja, ila waimbaji wamegeuka watu wengine. Kila kabila lina chanzo chake, na vingi kati ya vyanzo hivyo haviuzwi Kariakoo.

Mimi naanza na jambo la bure. Nachomeka hedifoni kwenye kisanduku chenyewe, nawasha ile swichi ya kusikiliza moja kwa moja kutoka kwenye maiki, namwambia mtu aimbe. Sauti ikipasuka hapo hapo, kabla kompyuta haijaonja kitu, basi laptopu na programu hazina kesi ya kujibu. Shemeji hupinga utaratibu huu kwa sababu unamaliza mjadala mapema.

Mara nyingi inapasuka hapo hapo. Na mwenye kosa ni geni, kile kitufe cha kwanza kabisa, ambacho kila apitaye hukizungusha kidogo kwenda kulia akisema "haisikiki".

Humo humo kwenye kisanduku sauti hugeuzwa kuwa namba, na ndani ya kompyuta inabaki namba tu. Katika rekodi ya biti 16, namba ya juu kabisa ni 32,767. Baada ya hapo hakuna namba. Soprano wetu akipanda hadi mahali pa kuhitaji 40,000, mashine haibishani naye wala haimwombi apunguze. Inaandika 32,767, tena 32,767, tena 32,767, mpaka pumzi imwishie. Wimbi lililotoka kooni likiwa na kilele cha mviringo linaingia kwenye rekodi likiwa na kichwa bapa. Hicho kichwa bapa ndicho tunachokisikia kama kwaru-kwaru. Na kilichokatwa hakikuwekwa pembeni kwamba tutakirudia kesho. Hakipo.

Hapo ndipo shemeji anaponyoosha mkono na kuteremsha kile kitelezi cha sauti ndani ya programu. "Si umeona? Taa imezimika." Kweli imezimika. Tunasikiliza: mkwaruzo ule ule, sasa unanong'ona. Kuteremsha sauti baada ya kurekodi ni sawa na kinyozi aliyekunyoa vibaya kukushushia kiti.

Kuna siku nilikuta jambo gumu zaidi. Geni ilikuwa imeshushwa hadi sifuri, hakuna aliyeigusa tena, na sauti bado inapasuka kana kwamba tumeahidiwa malipo. Mwenyekiti akafurahi mno, akaanza kuhesabu michango ya maiki. Mimi nikafuata waya. Kijana wa mitambo alikuwa amechukua waya wenye pini tatu, ule wa maiki, akautoa kwenye tundu la kutokea la miksa na kuuingiza kwenye kisanduku changu, kwa hoja kwamba "huu ndio unaoshika vizuri, hauchomoki." Unashika, sikatai.

Shida ni kwamba maiki hutoa umeme kiduchu, sehemu chache tu za elfu moja ya volti, na ndiyo maana kisanduku kina kikuzaji cha kuipandisha sauti mara mamia. Miksa ya kikazi, kwa upande wake, hutoa kiasi cha volti 1.2 ikiwa imetulia, achilia mbali siku ya kwaya. Hiyo ni sauti iliyokwisha kukuzwa. Ukiiingiza mlango wa maiki, kikuzaji kinakutana na mgeni aliyekwisha kula, kinamlazimisha sahani nyingine. Geni ikiwa sifuri bado haisaidii, kwa sababu sifuri ya kitufe kile haimaanishi hakuna. Inamaanisha kidogo kuliko kote.

Na hapa nina ugomvi na waliounda matundu haya. Kwenye visanduku vingi tundu ni moja la kuchanganya: katikati linapokea jeki nene, pembeni linapokea pini tatu. Kwa nje ni kitu kimoja, kwa ndani ni njia mbili. Pini tatu inakupeleka kwenye kikuzaji cha maiki, jeki nene inakupeleka kwenye njia ya laini, na visanduku vingine vinakutaka pia ubonyeze swichi ndogo ili vitambue kama umeleta gitaa au miksa. Maandishi yake yamechapwa kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Tulipobadili waya, tukaweka jeki nene na kuomba miksa ishushwe, kwaya ikatoka safi. Sikupongezwa. Mwenyekiti alionekana kama mtu aliyefiwa na mradi.

Wapo wanaosukuma sauti hadi nyekundu kwa imani, si kwa uzembe, na hao nawaheshimu. Mzee mmoja wa baraza letu alijifunza kazi enzi za mkanda wa sumaku, zile enzi ambazo Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa inarekodi bendi za dansi. Yeye husema: "Mwanangu, isukume mpaka sindano iguse nyekundu, la sivyo utarekodi upepo." Na alikuwa sahihi, kwa mkanda wake. Mkanda una mvumo wake wa shiii, kwa hiyo ukirekodi chini sana unazika wimbo ndani ya shiii. Tena mkanda ukizidiwa haukati kichwa kwa panga. Unalainisha, unabana kidogo kidogo, na wapo wanaolipia raha hiyo hadi leo. Sindano yenyewe ilikuwa ya taratibu, ikionyesha wastani wa sauti huku vilele vya ghafla vikipita bila kuandikishwa.

Namba hazina ulaini huo. Lakini pia hazina shiii ile, na hilo ndilo nashindwa kumweleza mzee bila kuonekana namfundisha kazi. Rekodi ya biti 24 ina ngazi 16,777,216. Ukiacha nafasi ya desibeli 12 kati ya kilele cha sauti na dari, hupotezi chochote ambacho sikio la mwanadamu wa Mbagala, lenye daladala kushoto na baa kulia, litakitambua. Nikimwambia hivyo, mzee ananitazama kwa huruma, anasema, "Basi hamna kazi siku hizi."

Kutatarika ni habari nyingine. Hapo geni haina hatia. Sauti inaingia kompyuta kwa mafungu, na ukubwa wa fungu unaupanga wewe kwenye kitu kinachoitwa bafa. Fungu la sampuli 64, yaani vipimo 64 vya sauti, kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde lina milisekunde 1.3 tu; laptopu ikishughulika na jambo jingine kwa muda huo mdogo, fungu linapita halijashikwa, unasikia ta! Laptopu yangu kweli inakuwa na mambo mengine. Mwanangu anapakua tamthilia ya Kikorea humo humo, programu ya kukinga virusi inakagua faili za mwaka juzi, na kuna kitu kinajisasisha ambacho hakijawahi kuniambia kinasasisha nini. Pandisha bafa hadi 512, ambayo ni karibu milisekunde 11, zima mtandao, mwambie mtoto tamthilia itaendelea kesho. Hili la mwisho ndilo gumu kiufundi.

Kisha kuna ule mkasa wa waimbaji kugeuka watu wengine. Tulirekodi wimbo mzuri kabisa. Kuucheza upande wa pili, kwenye kompyuta ya katibu, soprano wamekuwa alto, alto wamekuwa wanaume, na besi ni ng'ombe wa Gairo. Wimbo wa dakika 4 umekuwa wa dakika 4 na sekunde 21. Mama wa alto akasema, "Mnaona sasa?" na kwa mara ya kwanza nikakaribia kumwamini.

Sababu ni hesabu. Kisanduku kilipima sauti mara 48,000 kwa sekunde, na programu ya katibu ikazisoma sampuli hizo kama vile ni 44,100 kwa sekunde. Inasoma polepole, kwa hiyo sauti inashuka karibu nusutoni moja na nusu. Mara nyingine tofauti hiyo haishushi sauti bali inaleta mikwaruzo ya ajabu tu, kwa kuwa saa za ndani za mashine mbili zinagombana. Dawa yake ni kuhakikisha kisanduku, mfumo wa kompyuta na programu vyote vinataja namba moja. Yoyote. Chagueni, mkubaliane.

Utauliza kwa nini dunia ina namba mbili. Mimi niliuliza, na jibu limenikera kuliko swali. Mwishoni mwa miaka ya 1970, sauti ya kidijiti ilihitaji sehemu ya kuhifadhiwa, na chombo pekee kilichokuwa tayari kwa mzigo huo kwa bei ya kuvumilika kilikuwa mkanda wa video. Wakazipanga sampuli ndani ya mistari ya picha: sampuli 3 kwa mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Piga hesabu: 44,100. Kwenye mfumo wa Ulaya mistari 294 mara 50 mara 3, jibu ni lile lile. Sony na Philips wakairithi namba hiyo kwenye CD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982. Watu wa filamu na televisheni wao wakashikilia 48,000. Mashine zile za mkanda zimeshakufa na nyingi zimezikwa bila matanga, lakini zimeacha mirathi, na mirathi hiyo ndiyo inayowageuza besi wetu ng'ombe.

Mvumo sasa. Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde, ambayo ni karibu kabisa na G ya chini sana. Wimbo ukiwa kwenye ufunguo wa G, mvumo unakuwa kama besi ya ziada, na mwalimu wa kwaya aliwahi kusema tuuache. Tatizo ni nyimbo za ufunguo mwingine. Mvumo huu hupenda kuja pale miksa imechomekwa ukuta mmoja na laptopu ukuta mwingine, umeme wa ardhini ukapata njia ya kuzunguka kupitia waya wa sauti. Ukichomoa chaja ya laptopu na mvumo ukakatika, umeshamjua mhalifu: rekodi kwa betri, au chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Lakini tuseme kweli, ni wangapi kati yetu wana waya wa ardhini? Nimeona plagi ya pini mbili ikiingizwa kwenye soketi ya matundu matatu kwa msaada wa kalamu, kalamu ikisukuma kifuniko kwenye tundu la juu. Kalamu ikishatolewa, fundi anajifuta mikono na kusema kazi imekwisha.

Kwenye umeme huo huo kuna wale wanaochomeka kisanduku kwenye kigawanyio cha USB pamoja na feni ndogo, simu mbili na taa ya kusomea. Tundu la kawaida la USB 2.0 linatoa miliampea 500, na kutoka kwenye volti 5 zake kisanduku kinatakiwa kitengeneze volti 48 za kuwasha maiki ya kondensa. Kiacheni kile peke yake. Feni impulizie mwalimu wa kwaya ikiwa imechomekwa sehemu nyingine.

Na jambo moja la haraka, kwa sababu limenitesa sana: kompyuta nyingine zina hisani isiyoombwa. Zina kipengele cha kuboresha sauti, kilichowashwa tangu kiwandani, kinachopandisha maiki chenyewe na kuondoa kinachodhani ni kelele. Kimeamua kayamba ni kelele. Kila kayamba likitikiswa kinaikandamiza sauti nzima, likinyamaza kinairudisha kwa nguvu, kwaya inakuwa inapumua kama mtu aliyepanda ngazi. Kizimeni. Kayamba si kelele, na hata kama ni kelele ni yetu.

Yote haya nimeyafanya. Waya umewekwa sawa, namba zimekubaliana, chaja iko pembeni, geni iko pale ambapo mwimbaji mwenye kelele kuliko wote anafika robo tatu ya njia na kurudi. Kwaya ikarekodiwa safi, unasikia hata mtu akifungua ukurasa. Nikawaita wasikilize. Walisikiliza kwa adabu. Kisha mwenyekiti akakohoa na kusema, "Ni nzuri. Ila mbona ndogo?" Nikasema tunaweza kuipandisha mwishoni, kwa utaratibu, bila kuipasua. Akasema ile ya kwanza ilikuwa ikigonga.

Ndiyo ugonjwa wenyewe huo. Mimi napambana na vichwa bapa, na wateja wangu wamevizoea. Harusini spika zinapasuka, mikutanoni zinapasuka, na ukimletea mtu sauti nzima anaona umempunja. Si sisi peke yetu: kule Kinshasa, Mingiedi Mawangu na kundi lake la Konono N°1 walipaza ala ya likembe kwa maiki walizounda wenyewe kwa sumaku za vipuri vya magari, mkwaruzo ukawa sehemu ya ngoma, na mwaka 2004 albamu yao ya Congotronics ikatolewa na kampuni ya Ubelgiji, Wazungu wakacheza. Sina ugomvi nao. Walijua wanachokifanya. Kijana wetu wa mitambo naye anasema anajua.

Mteja pekee aliyenielewa ni yule wa dawa ya panya, na alinielewa kwa kunikataa. Nilimtengenezea tangazo laini, la kiredio, sauti nzito, kila herufi mahali pake. Akalijaribu kwenye spika yake ya pembe pale Rangi Tatu, akarudi jioni. "Kaka, haipenyi." Pembe ile haitoi besi, inatoa katikati tu, na sauti nzito yangu ilikuwa imebaki ndani ya pembe. Anayetaka kupenya mlio wa pikipiki anahitaji sauti kali yenye makwaruzo yake. Nikamrekodia upya, nikamwachia azungushe geni mwenyewe.

Wakati nahifadhi faili lake akaona ile rekodi ya kwanza ya kwaya, iliyopasuka, ambayo nilikuwa karibu kuifuta. Akaomba aisikie. Akaisikiliza mpaka mwisho, kichwa kikitikisika.

"Hii mnaitupa?"

"Imeharibika."

"Nipe mimi niiweke kwa nyuma."

Sasa anapita nayo mtaani kila asubuhi, dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, na kwa nyuma soprano wetu wako 32,767 bila kushuka. Juzi alipita mbele ya kanisa tukiwa tunatoka ibadani. Mama mchungaji akasimama, akasikiliza, akanigeukia.

"Mwanangu, si kwaya yetu hiyo?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Sasa mbona ile uliyotupa sisi haiko hivi?"